Ukurasa wa Masharti: Bei ya Maji na Baraza Letu la Madiwani

Ankara ya maji ilipoingia kwenye simu yangu mwezi huo ilisomeka uniti 27, ilhali nyumba yetu ya watu watano haijawahi kuvuka uniti 13 tangu tuhamie huku mlimani. Nilivaa koti, nikashuka mjini nikiwa nimeyapanga maneno yangu kama mtu anayekwenda mahakamani, na nilipofika kwenye dawati la wateja nilimwaga yote kwa pumzi moja. Binti aliyekuwa zamu alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia kwa adabu, “Shikamoo tena mwalimu. Leo usiku funga mabomba yote, uisome mita kabla hujalala, kisha uisome tena alfajiri.” Nilifanya hivyo, na alfajiri mita ilikuwa imetembea wakati sote tulikuwa tumelala. Fundi bomba alipokuja aligundua kwamba boya la tenki la choo cha ndani limechoka, hivyo maji yalikuwa yakiteremka kwenye ukuta wa bakuli kwa utulivu kiasi kwamba hakuna aliyeyasikia. Tulipokinga kwenye ndoo tulipata karibu lita 20 kwa saa. Zidisha kwa saa 24 upate lita 480 kwa siku, zidisha tena kwa siku 30 upate lita 14,400, yaani zaidi ya uniti 14, kwa kuwa uniti moja ni mita moja ya ujazo, nayo ni lita 1,000 au ndoo 50 zile za lita 20. Mita haikuwa na kosa, na wala binti wa dawatini hakuwa nalo. Mwizi alikuwa choo changu.

Naisimulia aibu hii kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kulitazama upya suala la bei ya maji, ambalo hapa Iringa, kama ilivyo Mbeya, Njombe na Makambako, huzungumzwa kwa hasira nyingi na kwa hesabu chache. Nyumba yangu ilipovuja, ankara ililetwa kwangu, nikashtuka, nikatafuta fundi. Bomba kuu la mji linapovuja chini ya barabara, ankara ya maji yale haina jina la mtu, na kwa hiyo hugawanywa kimyakimya kwa kila mwenye mita kupitia bei ya uniti. Hakuna anayeshtuka kwa sababu hakuna anayeona kilichoongezeka. Swali langu, na ndilo nitakalobaki nalo katika maandishi haya, ni nani katika mji mwenye kazi ya kushtuka kwa niaba yetu.

Watu wengi ninaozungumza nao wanaamini kwamba bei ya maji hupangwa na manispaa, ndiyo maana bei ikipanda lawama zote humwangukia diwani. Haiko hivyo. Mamlaka za maji za mijini zilianza kuundwa mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya Sera ya Maji ya 1991 kuukubali ukweli kwamba maji yasiyochangiwa hayawezi kudumu. Kabla ya hapo maji ya mjini yalikuwa chini ya mhandisi wa maji wa mkoa, na wazee wangali wanakumbuka mpango mkubwa ulioanza 1971 ukiwa na shabaha kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Leo kinachoongoza ni Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 2009 na ambayo pia iliunda RUWASA, wakala wa maji, kwa ajili ya vijijini. Chini ya sheria hiyo mamlaka ya maji ina bodi inayoteuliwa na Waziri mwenye dhamana ya maji, na bei zake hazianzi kutumika mpaka ziidhinishwe na EWURA, ambayo ni mdhibiti wa nishati na maji aliyeundwa kwa sheria ya 2001. Baraza la Madiwani halipigi kura juu ya bei, haliteui mkurugenzi wa mamlaka na haliwezi kumwondoa.

Hapo ndipo wengi humalizia mazungumzo. Diwani husema “siyo letu hilo,” mwananchi husema “basi hakuna wa kumuuliza,” na kikao kinahamia kwenye ajenda ya masoko. Mimi naona kwamba hapo ndipo mazungumzo yanapopaswa kuanza, kwa sababu kutokuwa na kalamu ya kusaini bei si sawa na kutokuwa na mdomo wa kuuliza inavyotumika.

Lakini kwanza tutazame maji yenyewe yanavyotufikia, maana bei ya maji hutokana na umbo la nchi kabla ya kutokana na sheria. Mji wa Iringa umekaa juu, na mto uko chini. Maji ya Mto Ruaha Mdogo huvutwa, husafishwa kwenye mtambo wa Ndiuka, kisha husukumwa kwa pampu hadi kwenye matenki yaliyo milimani, ndipo yateremke tena majumbani kwetu Kihesa, Mtwivila, Gangilonga na kwingineko. Kila ndoo unayoikinga hapa imepandishwa mlima kwa umeme. Ndugu zetu wa Mbeya kwa miaka mingi wamekuwa na neema ya chemchemi na vijito vinavyoteremka vyenyewe kutoka safu za milima iliyo juu ya jiji, ingawa jiji limekua hadi sasa limelazimika kuugeukia Mto Kiwira. Na Makambako, ambako kila mtu anajua habari ya foleni za ndoo, iko katika ule mradi wa miji 28 unaojengwa kwa mkopo wa India. Kwa hiyo mtu anapouliza kwa nini uniti ya mji huu hailingani na uniti ya mji ule, nusu ya jibu iko kwenye mteremko. Nyumba ya mlimani na nyumba ya bondeni hulipa bei moja, nami nakubaliana na utaratibu huo, lakini tusisahau kwamba lita moja ya maji yaliyosukumwa ikipotea, imepotea pamoja na dawa ya kuyasafisha na umeme wa kuyapandisha.

Sasa hesabu. Nitatumia tarakimu za kubuni kwa makusudi, ili mtu asidhani nazungumzia vitabu vya mamlaka fulani. Tuseme kuzalisha na kusambaza uniti 100 kunagharimu shilingi 120,000, ukijumlisha umeme, dawa, mishahara, mafuta ya magari na vipuri. Kama uniti 30 kati ya hizo zinapotea njiani, ama kwa mabomba chakavu, ama kwa mita zilizochoka, ama kwa waliojiunganishia kinyemela, zinabaki uniti 70 za kulipiwa, na ili gharama irudi kila uniti lazima iuzwe kwa takriban shilingi 1,714. Upotevu ukishuka hadi uniti 20, gharama ileile inarudi kwa uniti kuuzwa shilingi 1,500. Hakuna aliyepunguziwa mshahara, hakuna kata iliyonyimwa maji, ila bei imeshuka kwa zaidi ya shilingi 200. Asilimia 20 niliyoichagua hapa sikuiokota barabarani. Ndicho kiwango cha juu cha upotevu ambacho EWURA inakihesabu kuwa kinavumilika, na ripoti zake za kila mwaka kuhusu utendaji wa mamlaka za maji, pamoja na zile za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zinazokabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kufikishwa bungeni mwezi Aprili, zimekuwa zikirudia mwaka baada ya mwaka kwamba mamlaka nyingi nchini ziko juu ya hapo.

Nakiri kwamba hata mimi, niliyefundisha hesabu kwa zaidi ya miaka 20, sikuwahi kulifikiria jambo hili nilipokwenda kwenye mkutano wa taftishi miaka kadhaa iliyopita. Mkutano wa taftishi ni ule ambao EWURA huitisha pale mamlaka ya maji inapoomba kubadilisha bei: mamlaka inaeleza inataka kiasi gani na kwa nini, Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, linalojulikana kama EWURA CCC, linatoa maoni kwa niaba ya watumiaji, kisha wananchi wanapewa kipaza sauti. Tangazo lilikuwa limetoka gazetini na redioni. Ukumbi haukujaa. Msemaji wa kwanza alisema mtaani kwao maji hutoka usiku wa manane tu. Wa pili aliishukuru serikali kwa urefu. Wa tatu aliuliza habari ya fidia ya shamba lililopitiwa na bomba, jambo la haki kabisa lakini lisilohusika na shughuli ya siku hiyo. Jedwali la upotevu wa maji lilikuwa kwenye ukurasa mmoja wa karatasi tulizogawiwa, kila mmoja wetu akiwa nalo mapajani, na hakuna aliyeligusa. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nikatoka kabla ya mwisho kuwahi daladala.

Kilichofuata baada ya mkutano ule ndicho ambacho ningependa kila diwani wa Nyanda za Juu Kusini akijue. EWURA inapoidhinisha bei haitoi namba peke yake. Hutoa amri, na amri hiyo, mbali na jedwali la bei za majumbani, taasisi, biashara na magati, yaani vituo vya umma vya kuchotea maji, huwa na sehemu ya masharti: upotevu wa maji ushuke kutoka kiwango hiki hadi kile katika muda uliotajwa, wateja wapya waunganishwe, mita chakavu zibadilishwe, madeni yakusanywe, ubora wa maji upimwe. Kwa maneno mengine, bei mpya ni mkataba wa pande mbili. Sisi tunaongeza shilingi, na mamlaka inaahidi kazi. Upande wetu hutekelezwa tangu ankara ya kwanza, kwa sababu asiyelipa hukatiwa. Upande wa pili hutekelezwa kwa miaka, na mwenye kuufuatilia kisheria ni mdhibiti, ambaye ofisi yake ya kanda hii iko Mbeya na ambaye ana mamlaka nyingi za maji za kuzitazama kwa wakati mmoja.

Diwani, kwa upande wake, analala kwenye kata yenye bomba linalovuja. Analiona asubuhi akienda kazini. Analisikia kwa wananchi kabla ya chai. Mdhibiti hana macho ya aina hiyo, na hata angeajiri watu mara mbili ya alionao asingeyapata.

Baraza la Madiwani hukutana angalau mara moja kila miezi mitatu, na mikutano yake ya kawaida iko wazi kwa wananchi, ingawa mwananchi huenda kusikiliza na si kusema. Ni desturi pia kwamba taasisi zinazohudumia wananchi lakini haziko chini ya halmashauri, kama TARURA ambayo ni wakala wa barabara za mijini na vijijini, TANESCO na mamlaka ya maji, hualikwa kutoa taarifa. Nimehudhuria vikao kadhaa vya namna hiyo nikiwa nimekaa kwenye mabenchi ya nyuma. Taarifa za maji huwa nzuri kusikiliza: kilomita za bomba zilizolazwa, tenki lililokamilika, idadi ya kaya zilizounganishwa. Kisha madiwani wanauliza, na maswali yao, ambayo siwalaumu kwayo kwa sababu ndiyo wanayoulizwa kwenye mikutano ya mitaa, huwa ni lini maji yatafika mtaa fulani na kwa nini fulani alikatiwa. Yanajibiwa, yanaandikwa kwenye muhtasari, kikao kinaendelea. Taarifa ya mafanikio haiwezi kupimwa kama hujui iliahidiwa nini. Kilomita tano za bomba ni nyingi ama ni chache? Inategemea kama amri ya bei ilisema tatu au kumi na mbili.

Ndiyo maana pendekezo langu ni dogo mno kiasi kwamba naona haya kuliita pendekezo. Kila mara taarifa ya maji inapoletwa barazani, ipangwe sambamba na ukurasa wa masharti wa amri ya bei iliyopo, sharti moja mstari mmoja, na mbele yake kiandikwe kilichofanyika tangu robo iliyopita. Hakuna sheria ya kubadilisha, hakuna fungu la fedha la kutafuta, na mamlaka yenyewe haitakuwa na sababu ya kukataa, kwa kuwa amri za bei ni nyaraka za wazi na takwimu zilezile inazipeleka kwa mdhibiti. Zaidi ya hayo, jedwali hilo lingeisaidia mamlaka kueleza makwazo ambayo si yake. Nitataja mawili.

La kwanza ni barabara. Tangu TARURA ianzishwe 2017, barabara za mitaa ziko mikononi mwa wakala, maji mikononi mwa mamlaka, na halmashauri imebaki katikati ikipokea malalamiko ya wote wawili. Greda linapopasua bomba, gharama ya kulirudisha huingia kwenye vitabu vya maji, na maji yaliyomwagika siku hiyo huingia kwenye upotevu. Ukumbi ambao wahandisi wa pande zote mbili wangeweza kuulizwa siku moja, mbele ya watu, kama walipeana ramani kabla ya kuchimba, ni ule wa Baraza la Madiwani.

La pili ni madeni ya taasisi za umma, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu linaniudhi. Mama lishe akichelewa miezi miwili hukatiwa maji, tena ni haki akatiwe, maana maji yale yalipandishwa kwa umeme uliolipiwa. Lakini taasisi yenye geti na bendera inaweza kudaiwa kwa muda mrefu bila mtu kuthubutu kulifunga koki, kwa sababu ndani yake kuna wagonjwa, au wanafunzi, au watu wenye bunduki. Nakubali kwamba hospitali haikatiwi maji. Ila fedha isiyolipwa na taasisi hiyo haiyeyuki hewani. Mamlaka hushindwa kununua vipuri, mita chakavu hubaki, upotevu hupanda, na miaka mitatu baadaye ombi la bei mpya linarudi ukumbini. Taasisi nyingine kati ya hizo ziko chini ya halmashauri yenyewe. Baraza linaloidhinisha bajeti ya shule na vituo vya afya lina uwezo wote wa kuhakikisha kwamba kifungu cha maji kimewekwa humo na kimelipwa, na kabla ya kumkalia kooni mkurugenzi wa mamlaka lingeanza na hilo.

Kuna jambo jingine ambalo masharti huwa hayaligusi vya kutosha, nalo ni nani hasa anayelipa bei kubwa. Mji wetu ni wa wanafunzi na wapangaji. Nyumba ya vyumba vinane yenye mita moja hutumia uniti nyingi kwa pamoja, na pale bei inapopangwa kwa ngazi, kwamba anayetumia kidogo alipe nafuu na anayetumia kingi alipe zaidi, kaya nane maskini huhesabiwa kuwa tajiri mmoja. Asiye na mita kabisa ana hali mbaya zaidi. Ndoo ya lita 20 ikiuzwa shilingi 50 tu, uniti moja imemgharimu shilingi 2,500, na jirani yake anayemuuzia hajavunja sheria ya hesabu kwa kuchukua faida yake. Amri ya bei huweka kiwango cha magati ili kumlinda huyu, lakini bei iliyoandikwa na bei anayotozwa penye foleni ni vitu viwili, na tofauti hiyo inaweza kuonwa na mwenyekiti wa mtaa kuliko na mtu mwingine yeyote. Mwenye lalamiko anajua kwamba aanze kwa mamlaka yenyewe, asiporidhika apande kwa EWURA, na EWURA CCC humsaidia bila malipo. Ila huyu wa ndoo si mteja wa mtu, hana hata namba ya ankara ya kulalamikia.

Nilimweleza diwani wetu haya yote siku ya Jumapili, baada ya ibada, tukiwa tumesimama kwenye jua kwa sababu baridi ya Iringa mwezi wa Juni haitaki mtu akae kivulini. Alinisikiliza vizuri. “Mwalimu,” aliniambia, “kwenye kikao napata swali moja, labda na la nyongeza. Ukiniletea kumi na mawili nitaonekana kichekesho.” Nilimjibu, “Mheshimiwa, basi uliza moja.” Tulibishana kidogo lipi. Yeye alitaka la madeni, kwa kuwa anajua litapigiwa makofi. Mimi nilitaka la upotevu, kwa kuwa ndilo choo changu kilinifundisha.

Jumatano nilimpelekea nakala ya ukurasa wa masharti, nikiwa nimepigia mstari kwa penseli sharti la upotevu pamoja na tarehe yake ya mwisho. Aliusoma akiwa amesimama mlangoni, akaniuliza uniti moja ni ndoo ngapi, nikamwambia 50. Aliiandika pembeni, akaikunja karatasi mara mbili na kuitia kwenye mfuko wa ndani wa koti. Kikao ni mwisho wa mwezi ujao, saa nne asubuhi, na mabenchi ya nyuma yana nafasi.